Vyumba vya Meli za Kitalii Vimekuwa Adimu

Zamani aliyesubiri hadi wiki za mwisho ndiye aliyefaidi. Meli za kitalii za Miami zilibakiwa na vyumba, na wenyewe wakashusha bei kuliko kung'oa nanga na vitanda vitupu. Machi 2020 Korona ikazisimamisha. Kadhaa zilizozeeka zikapelekwa Aliağa, Uturuki, kuvunjwa. Safari ziliporejea, watu walifurika: abiria wa mwaka 2019 hawakutimia milioni 30, wa mwaka 2023 wamepita milioni 31. Nafasi sasa hukatwa miezi mingi kabla.

Waumiao zaidi ni wenye watoto. Kujaa kwa meli huhesabiwa watu wawili kwa chumba, ndiyo maana husemwa imepita asilimia 100: watoto wamelala vitanda vya tatu na vya nne. Vyumba hivyo ni vichache, na msimu wa likizo za shule huwahiwa mwanzo. Tena kitanda chaweza kuwa wazi, mtoto akakataliwa, kwa kuwa mashua za kuokolea za upande ule zimetimiza idadi. (Hilo sisi wa pwani, tuyajuayo ya chombo kuzidishwa, hatulilaumu.) Mama aliyechelewa hulipia vyumba viwili, au hubaki bandarini na wanawe.