Ukimtafuta mwandishi, pitia mlango wake mwenyewe

NILIPOKUWA darasa la sita katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, shule yetu ilikuwa na nakala moja tu ya Adili na Nduguze, kitabu cha Shaaban Robert. Tulikisoma kwa zamu, kila mtoto usiku mmoja, na kilipofika kwangu kilikuwa hakina jalada. Habari ya ndugu waliogeuzwa manyani ilininyima usingizi. Nilitaka kumwuliza mwandishi aliipata wapi. Mwalimu wangu alinijibu kwamba Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, na kwamba waandishi wa vitabu hawaulizwi maswali.

Nusu ya kwanza ya jibu hilo ni kweli hadi leo. Nusu ya pili imepitwa na wakati, na watoto wetu wengi bado hawajaambiwa.

Nilirudi Burundi mwaka 2008, pamoja na wenzangu wengi ambao wao au wazazi wao walikimbia mwaka 1972. Sasa nafundisha Kiswahili na Kiingereza katika shule moja kando ya Ziwa Tanganyika, upande wa Rumonge. Mwaka jana msichana mmoja wa darasa langu alinionyesha daftari lake. Ndani yake mlikuwa na hadithi ya mji uliojengwa chini ya ziwa, ambako wavuvi hushuka kwa mashine badala ya mitumbwi. Baba yake alikuwa amemkataza kuharibu madaftari kwa mambo ya Wazungu. Akaniuliza: "Mwalimu, watu wanaoandika mambo haya wapo kweli? Na wapo wanaofanana na sisi?"

Nikamwahidi kwamba tutawatafuta kwenye intaneti.

Tulianza vibaya. Niliandika jina la mwandishi mmoja mashuhuri kwenye simu yangu na kufungua ukurasa wa kwanza uliojitokeza. Ulikuwa na picha yake, orodha ya vitabu vyake, na ilani kwamba anayetaka kumwandikia sharti alipe ada ya uanachama. Mimi, mtu mzima na mwalimu, nikamwomba shemeji yangu aliyeko Dar es Salaam alipe kwa kadi yake, nami nikamrudishia. Hakuna jibu lililokuja, na baada ya muda ukurasa wenyewe ukatoweka. Fedha ile iliniuma, lakini iliyoniuma zaidi ni sura ya yule msichana. Alianza kuamini kwamba baba yake alikuwa amesema kweli.

Tangu siku hiyo tunafuata utaratibu, nami naueleza hapa ili mzazi au mwalimu mwingine asilipe ada niliyolipa mimi.

Kwanza, anzia kwenye kitabu. Mara nyingi anwani ya tovuti ya mwandishi huchapwa kwenye jalada la nyuma au kurasa za mwisho. Usipokuwa na kitabu, fungua tovuti ya mchapishaji, tafuta jina la mwandishi, kisha fuata kiungo kinachotoka hapo.

Pili, ipo orodha kubwa ya mtandaoni iitwayo Internet Speculative Fiction Database, iliyoanzishwa mwaka 1995 na kuendeshwa na watu wanaojitolea. Huorodhesha waandishi wa riwaya za kisayansi na za maajabu, vitabu vyao na miaka ya kuchapishwa, na mara nyingi huonyesha tovuti ya mwandishi. Kuisoma ni bure.

Tatu, kwa waandishi wa Kiafrika, tafuta majina ya walioshindania Tuzo za Nommo. Tuzo hizo hutolewa na African Speculative Fiction Society, chama kilichoundwa mwaka 2016, na zilianza kutolewa mwaka 2017. Ukishapata jina, rudi kwenye hatua mbili za mwanzo.

Nne, tovuti nazo hufa. Yahoo! ilipoifunga GeoCities mwaka 2009, kurasa nyingi za waandishi na wasomaji wao zilipotea. Ukikuta mlango umefungwa, jaribu Wayback Machine ya Internet Archive, hazina iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2001, ambayo huhifadhi nakala za kurasa za zamani.

Na ukurasa wowote unaodai fedha ili umsalimie mwandishi, ufunge hapo hapo.

Kwa njia hiyo tulimpata Dilman Dila, jirani yetu wa Uganda, mwandishi na mtengenezaji filamu, ambaye mkusanyiko wake wa hadithi, A Killing in the Sun, ulitoka mwaka 2014. Tulimpata pia Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, ambaye kitabu chake Binti cha mwaka 2015 kilishinda tuzo za Hugo na Nebula. Msichana alipoona jina la kitabu hicho alicheka, akidhani kimeandikwa kwa Kiswahili.

Tulijifunza pia kwamba tovuti ya mwandishi si ubao wa matangazo tu. Andy Weir, aliyekuwa mtunzi wa programu za kompyuta, alianza mwaka 2009 kuweka sura za The Martian kwenye tovuti yake bila malipo. Wasomaji waliojua sayansi walimsahihisha. Mwaka 2011 akaiuza mwenyewe mtandaoni kwa senti 99 za dola, mwaka 2014 ikachapishwa na kampuni kubwa, na mwaka 2015 ikawa filamu. Cory Doctorow naye alitoa riwaya yake ya kwanza mwaka 2003 madukani na bure kwenye tovuti yake kwa wakati mmoja. Ursula K. Le Guin alianza kuandika makala mtandaoni mwaka 2010, akiwa amepita miaka 80. Alifariki mwaka 2018, lakini tovuti yake imebaki.

Siku moja baba wa msichana alikuja shuleni. Alitaka kujua kama ni kweli kuna Mganda anayeandika mambo hayo. Nilimwonyesha ukurasa kwenye simu, akausogeza kwa kidole hadi mwisho. Hakusema neno, akaaga. Juma lililofuata binti alikuja na daftari jipya.

Limebaki jambo moja linalonisumbua. Waandishi hao wote wanaandika kwa Kiingereza, ilhali Kiswahili nacho kina mbegu yake. Mwaka 1995 Katama Mkangi wa Kenya alichapisha Walenisi, ambamo mtu aliyehukumiwa kifo anapaa kwa chombo cha angani hadi nchi ya ajabu. Mkangi alifariki mwaka 2004. Waandishi wetu walio hai, wekeni mlango mtandaoni, hata wa ukurasa mmoja, wenye majina ya vitabu vyenu na mahali pa kuwaandikia. Shaaban Robert sikuwahi kumwuliza swali langu. Mtoto wa Rumonge mwenye swali lake leo asiambiwe kwamba amechelewa.