Nadharia ya Umbo na Kazi ya Mtunzi: Mfano wa Stockhausen

Wanafunzi wetu wa fasihi huuliza mara kwa mara kama mtunzi hufuata nadharia au nadharia humfuata mtunzi. Swali hilo huzuka hasa wanaposoma kitabu cha Amri Abedi cha mwaka 1954, ambamo sheria za kutunga mashairi na diwani ya mwandishi mwenyewe zimo katika jalada moja. Katika makala haya tunakusudia kulitazama swali hilo nje ya ushairi, katika muziki wa Mjerumani Karlheinz Stockhausen (1928–2007), ambaye alitunga muziki na kuandika nadharia kwa wakati ule ule.

Katika insha yake ya mwaka 1960 Stockhausen alieleza umbo aliloliita Momentform, yaani umbo la nyakati. Muziki uliozoeleka Ulaya huenda kama hadithi: una mwanzo, hupanda hadi kilele, kisha hushuka na kukoma. Yeye alitaka kila wakati wa muziki ujitosheleze, usiwe matayarisho ya ule ujao wala matokeo ya ule uliotangulia. Kwa hiyo kazi ya namna hiyo haina mwisho wa kweli. Huacha kusikika tu.

Mwaka huo huo, mjini Cologne, ilisikika kwa mara ya kwanza Kontakte, kazi ya sauti za kielektroniki zilizonaswa katika utepe, pamoja na piano na ala za kugonga. Hapo awali mtunzi alikusudia wapigaji wauitikie utepe kwa hiari yao. Mazoezi hayakuridhisha, naye akawaandikia kila kitu. Aidha, alipanga sehemu kumi na nane, lakini siku ya onyesho ilikaribia, akaishia kwenye ya kumi na sita. Tukitaka, tutasema kwamba nadharia imethibitishwa, maana kazi isiyo na mwisho yaweza kukatwa popote. Tukitaka, tutasema imegeuka kuwa udhuru. Sisi twaona yote mawili yana ukweli.

Lakini jambo zito zaidi limo ndani ya muziki wenyewe. Baada ya dakika kumi na saba hivi, sauti moja kali huanza kushuka, ikashuka mno hata ikapasuka kuwa mapigo tunayoweza kuyahesabu moja moja. Hapo mtunzi anatimiza nadharia yake nyingine, ya mwaka 1957, isemayo kwamba kimo cha sauti na mdundo ni kitu kimoja kinachotofautiana kwa kasi tu. Ni mahali ambapo msikilizaji hapasahau. Basi tuangalie: sauti hiyo ina ilikotoka na inakokwenda, na sikio huifuata kwa shauku ya kujua itaishia wapi. Ni hadithi kamili! Nadharia ya 1957 imetii, na ya 1960 imevunjwa, katika ukurasa mmoja wa mkono ule ule.

Haielekei kwamba Stockhausen hakuliona hilo. Katika Momente, aliyoianza mwaka 1962 kwa ajili ya mwimbaji mmoja wa kike, kwaya na wapigaji, aliruhusu nyakati za muziki zipangwe upya, ila ruhusa yenyewe aliizungushia masharti mengi kuhusu kipi kikae kando ya kipi.