Kikundi Kikikua, Nani Ataamua?

Wanangu, siku mkipita Dandora, Nairobi, tazameni nyumba zilivyopangwa. Mtaa huu ulianza kujengwa katikati ya miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Baraza la Jiji liligawa viwanja takriban 6,000 vyenye maji na choo, kisha familia zikajijengea vyumba kidogo kidogo. Nyumba nyingi zinauzunguka ua wa pamoja. Ua wa wote, lakini zamu ya kufagia si ya yeyote! Taka zikajaa, mitaro ikaziba.

Ndipo Charles Gachanga na vijana wenzake wakaushika ua mmoja, Mustard Seed. Wakafagia, wakapanda maua, wakapaka kuta rangi. Katika nyua zilizofuata mfano huo, wakazi wakachangia pesa kidogo za usafi na ulinzi, wenye magari wakalipia kuyaegesha. Ufagio ukaanza kuleta riziki.

Kikundi kidogo kama hicho, tuseme cha watu 5, hakina haja ya vyeo. Wanaketi chini ya ukuta, wanakubaliana, wanaanza kazi. Lakini hebu tupige hesabu. Kila mmoja akitaka kushauriana na kila mwenzake, watu 5 wana mazungumzo 10 ya watu wawili wawili. Wakifika 20, mazungumzo yanakuwa 190. Jua litazama ufagio haujaguswa.

Wengi wakifika hapo humtafuta mkubwa mmoja aamue yote. Haya, tuseme ufagio umevunjika. Kijana anamwambia kiongozi wa ua. Kiongozi anampigia simu mratibu. Mratibu anamngoja mwenyekiti, naye yuko mkutanoni mjini. Siku tatu zinapita bila ufagio, na taka hazijui kungoja. Kampuni nyingi zinazokua hukwama papo hapo: watu wameongezeka, lakini kila jambo bado linapitia mlango mmoja.

Vijana wa Dandora walipita njia nyingine. Waliunda Dandora Transformation League na kuanzisha mashindano ya kupendezesha nyua, yaitwayo Changing Faces. League haikujifanya bosi wa kila ua. Kazi yake ilikuwa kuweka kanuni, kutafuta waamuzi na kutoa zawadi. Kila kikundi kilibaki na viongozi wake na ubunifu wake: hawa wanapanda maua ndani ya matairi yaliyopakwa rangi, wale wanawatengenezea watoto mahali pa kuchezea.

Barabara, hata hivyo, hupita mbele ya nyua nyingi, na ua mmoja hauwezi kuipangia peke yake. Kwa hiyo barabara moja ya Dandora, iliyotengenezwa iwe ya mfano, ilipangwa na watu wengi zaidi: wakazi, League na UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa. Baadaye mashindano ya namna hiyo yalivuka Dandora yakafika mitaa mingine ya Nairobi, na hayakuhitaji mkubwa wa kuamua rangi ya kila lango.

Mnaona mgawanyo ulivyo? Jambo linalogusa ua mmoja huamuliwa na ua huo. Linalogusa nyua nyingi hupelekwa mahali ambapo zote zina sauti. Kampuni ya watu 500 inaweza kufuata utaratibu huohuo: anayemhudumia mteja aruhusiwe kutatua shida ndogo bila kuomba kibali, na ofisi kuu ishughulikie yale yanayowagusa wote, kama mishahara, usalama na hesabu.

Tena mgawanyo huo haupangwi mara moja ukaachwa. Sare ya gredi ya kwanza haimwenei mwanafunzi wa gredi ya sita, hata ikiwa haijachanika. Kila watu wanapoongezeka, kaeni muulizane ni uamuzi gani unachelewa, na unachelewea kwa nani. Mkishampata, msimlaumu upesi. Huenda mmemrundikia maamuzi ambayo walio karibu na kazi wangeyamaliza wenyewe asubuhi hiyohiyo.