Pasaka ya Wamennonite (2): Beseni, Taulo na Meza ya Bwana

Katika sehemu ya kwanza tulimwacha Dirk Willems, mmoja wa Wanabatizo, mababu wa Wamennonite katika imani, juu ya barafu, huko Asperen, Uholanzi, akirudi nyuma kumvuta mtu aliyekuwa akimfukuza ili amtie mbaroni. Mfukuzaji alipona. Dirk alikamatwa, na mwaka 1569 akachomwa moto. Wamennonite hukisimulia kisa hicho kwa watoto wao hadi leo, na msomaji ana haki ya kuuliza kina uhusiano gani na Pasaka ya watu wanaoishi kandokando ya Ziwa Victoria, wanaolima mihogo na kuvua sato. Uhusiano upo, na pa kuuonea ni sakafuni, penye beseni la maji ya uvuguvugu.

Kanisa la Mennonite Tanzania lina asili yake Shirati, wilaya ya Rorya ya leo. Mwaka 1934 walifika hapo Elam Stauffer na mkewe Elizabeth, pamoja na John Mosemann na mkewe Ruth, wakitumwa na Wamennonite wa Lancaster, Pennsylvania, nchini Marekani. Mwaka uliofuata kikafunguliwa kituo cha Bukiroba, karibu na Musoma, na mwaka 1936 kikafuata cha Mugango. Kutoka vituo hivyo Injili ikaenea kwa Wajaluo, Wajita, Wakwaya, Wazanaki na Wakurya, baadaye ikavuka mpaka na kuingia Nyanza, Kenya. Wageni hao walitoka katika jamii za wakulima, watu wa mavazi ya staha na nyumba zisizo na mapambo. Katika mizigo yao walikuja na desturi ya kutawadhana miguu.

Neno hili nalipenda, na ningeomba msomaji anivumilie nilitazame kidogo. Kutawadha limetoka kwenye Kiarabu, na kila mtu wa pwani analijua: ni kutia udhu, kujiosha viungo kabla ya kusimama mbele ya Mungu. Waliotafsiri ile Biblia ya Kiswahili iitwayo Union Version walipofika Yohana 13, pale Yesu anapoinuka chakulani na kujifunga kitambaa kiunoni, hawakuridhika na neno la kawaida la kuosha. Wakachukua kutawadha. Waliona, nadhani, kwamba hapa pana zaidi ya kuondoa vumbi. Lakini anayetia udhu hujitawadha mwenyewe, na katika sura ile mtu anamtawadha mwenzake, kisha wote wanaagizwa wafanyiane. Kiswahili kikatoa silabi moja inayobeba jambo lote, -na: kutawadhana. Pasaka ya Wamennonite nimeihudhuria miaka mingi, na kadiri ninavyozidi kuijua ndivyo ninavyoona kwamba imejengwa juu ya silabi hiyo. Kupatana, kuungamiana, kusameheana, kutawadhana, kushirikiana. Hakuna hata moja ambalo mtu anaweza kulitenda akiwa peke yake.

Ndiyo maana maandalizi huanza mapema. Kwa desturi iliyotoka Lancaster, Meza ya Bwana iliandaliwa mara mbili kwa mwaka, na kila mara ilitanguliwa na ibada ya kujipima. Huko muumini aliulizwa jambo moja lenye pande mbili: una amani na Mungu, na una amani na wenzako? Asiye na amani na jirani yake hakutazamiwa kuufikia mkate. Sharti hilo wengine huliona gumu kupita kiasi. Mimi naliona la huruma. Katika vijiji vyetu ugomvi hauishi kwa kunyamaziwa. Hulala chini ya jivu kama kaa la moto, na ng'ombe mmoja akila mahindi ya jirani, moto unawaka upya hadi kwa wajukuu. Kanisa linalomwambia mtu mwezi mmoja kabla ya Pasaka, nenda ukamwone ndugu yako, linampa sababu ya kwenda ambayo haimwaibishi. Haendi kwa kuwa ameshindwa kesi. Anaenda kwa sababu Pasaka imekaribia.

Nimeona wazee wa kanisa wakizunguka kwa miguu majuma hayo, wawili wawili, wakikaa kwenye vigoda vya watu waliokosana. Chai huja, maneno huja polepole. Mara nyingine hurudi walivyokwenda, na Alhamisi Kuu ikifika kuna mtu anayekaa benchi la nyuma bila kusogea. Hakuna anayemtangaza. Anajijua, na anajua kwamba mlango uko wazi.

Sasa nieleze Alhamisi yenyewe, kama inavyokuwa katika usharika wetu. Pasaka kwetu huangukia kwenye masika. Barabara ya kanisani inakuwa tope jeusi linalong'ang'ania viatu, na watu huacha kandambili zao mlangoni. Kwa hiyo miguu inayofika kwenye beseni ni miguu michafu kweli, yenye nyufa za kisigino zilizojaa udongo wa shamba. Mkate na kikombe hutangulia. Baada ya hapo wanawake hukaa upande mmoja na wanaume upande mwingine, kila upande na mabeseni yake, majagi na mataulo, na watu huenda wawili wawili. Mmoja anakaa. Mwenzake anainama au kupiga magoti, anashika mguu wa kwanza, anamwagia maji kwa kiganja, anausugua taratibu, anaufuta, kisha wa pili. Halafu wanabadilishana. Wakimaliza husimama, hukumbatiana, na kuambiana, "Bwana akubariki." Wakati huo wote watu wanaimba kutoka Tenzi za Rohoni bila kitabu, kwa sauti ya chini.

Mwaka mmoja nilikaa karibu na mzee ambaye kijiji kizima kilijua ana mgogoro wa mpaka wa shamba na familia ya jirani. Kijana wa familia ile, umri wa mjukuu wake, alikuwa mbele yake kwenye mstari. Mzee alijifunga taulo na kuanza kushuka, mkono mmoja umeshika benchi kwa sababu ya magoti. Kijana akarudisha mguu nyuma.

"Hapana, babu. Haifai."

"Lete mguu, mjukuu wangu."

"Nianze mimi, babu."

"Utanitawadha mimi. Sasa lete mguu."

Kijana alitoa mguu, akainamisha uso. Petro naye alikataa hivyo hivyo, na nadhani alikataa kwa sababu ileile: mtu aliyelelewa vizuri hawezi kustahimili kuona mkubwa wake ameinama miguuni pake. Heshima zetu zina ngazi, na kila mmoja anajua amesimama wapi. Beseni halizivunji ngazi hizo. Asubuhi iliyofuata kijana yule alimwamkia mzee shikamoo kama siku zote. Lakini jirani aliyekushika kisigino chenye tope, ukakisikia kidole chake kikipita kati ya vidole vyako, ni vigumu sana kumwendea tena na panga kwenye mpaka. Hapo ndipo Dirk Willems anapokutana nasi: yeye naye alimrudia adui yake.

Niseme wazi kwamba desturi hii si mali ya Wamennonite peke yao. Waadventista Wasabato, ambao mkoani Mara wako tangu kabla ya wageni wa Shirati, wanayo pia na huiita huduma ya unyenyekevu. Wakatoliki nao, Alhamisi Kuu, humwona padri akiwaosha miguu watu kumi na wawili. Kwa Wamennonite hakuna kumi na wawili walioteuliwa. Askofu hutawadha na hutawadhwa, na anayekuwa naye kwenye beseni anaweza kuwa mvuvi au mlinzi wa shule.

Mizizi ya kutawadhana imekwenda mbali, na inagusa Pasaka yenyewe. Wanabatizo wa kwanza walibatizana kwa imani yao huko Zurich tarehe 21 Januari 1525, jambo ambalo dola na kanisa la wakati ule walilihesabu kuwa uasi. Miezi mitatu baadaye, katika mji wa Waldshut, ng'ambo ya mto Rhine, padri na mwanazuoni Balthasar Hubmaier alibatizwa na Wilhelm Reublin pamoja na watu wapatao 60. Ilikuwa Pasaka. Siku zilizofuata Hubmaier mwenyewe akawabatiza wengine kama 300, na chombo alichotumia kilikuwa ndoo ya maziwa. Katika mji huohuo, mwaka huohuo, watu walianza kutawadhana miguu. Hubmaier alichomwa moto Vienna mwezi Machi 1528, na siku chache baadaye mkewe Elsbeth akazamishwa katika mto Danube. Ndoo ile ya maziwa hunijia akilini kila ninapoliona beseni letu la plastiki, lililoazimwa kwa mama mmoja aliyefulia nguo humo asubuhi. Vyombo vya ibada hii vimekuwa vya jikoni tangu mwanzo. Karne moja baadaye, mwaka 1632, Wamennonite wa Uholanzi walipokutana Dordrecht na kuandika ungamo lao la imani, waliitengea desturi hii ibara nzima, na ungamo hilo ndilo lililovuka bahari hadi Pennsylvania, na kutoka Pennsylvania likafika Shirati.

Lakini agizo linaweza kuandikwa kwenye karatasi na lisifike moyoni. Miaka ya kwanza pale Shirati watu walioketi kwenye ibada moja walikuwa wakiishi pande mbili: wamisionari katika nyumba zao, Waafrika katika zao, na kati yao ule ukuta wa kikoloni ambao hakuna mhubiri aliyehitaji kuueleza. Mwaka 1942 Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Rwanda na Uganda, ukaingia Shirati. Watu walisimama kanisani wakaungama dhambi zao kwa majina: wizi, chuki, ulaghai. Wamisionari nao walitubu kiburi chao mbele ya Waafrika. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, kutawadhana kulipoanza hasa katika nchi hii, ingawa beseni lilikuwapo tangu awali. Kati ya walioguswa na uamsho huo alikuwa Zedekia Kisare, mtu wa Shirati, ambaye mwaka 1967 aliwekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa kanisa hili. Wimbo wa Tukutendereza, wa Kiganda, ulipenya siku hizo na hadi leo unaimbwa kwenye ushirika wetu mtu akimaliza ushuhuda. Mila ya kuungama waziwazi, iliyotoka Rwanda na Uganda, ikakutana na mila ya kujipima kabla ya Meza, iliyotoka Lancaster, zikawa kitu kimoja.

Turudi kwenye usharika wetu: Ijumaa Kuu ni siku ya masomo marefu na kimya. Jumapili watu huamka usiku wa manane, hukusanyika uwanjani kukiwa bado giza, na kwenda wakiimba njia nzima hadi jua litoke juu ya milima. Kwaya zimeshona sare mpya. Wanaobatizwa siku hiyo ni watu wazima na vijana waliofundishwa na kujibu kwa vinywa vyao wenyewe, maana watoto wachanga huombewa tu. Baada ya ibada ni pilau au ugali kwa samaki, kila kaya imeleta chungu chake, na watu hula hadi alasiri chini ya miembe.

Jumatatu ya Pasaka tunakwenda kwa wasioweza kuja. Mwaka jana tulikuwa sita, tukiongozwa na shemasi mwanamke aliyebeba beseni kichwani na taulo ndani yake, kwenda kwa bibi mmoja ambaye miguu yake imevimba na hatoki kitandani. Shemasi alichemsha maji hapo hapo, akayapoza, akapiga magoti kando ya kitanda. Miguu ile ilitawadhwa kwa uangalifu kama wa mtoto mchanga. Tulipotaka kufunga kwa sala, bibi akainua mkono.

"Bado. Na mimi?"

Tukamwambia apumzike, inatosha. Akasema haitoshi, yeye bado hajamtawadha mtu. Basi tukamwinua, tukamwegemeza kwa mito miwili, shemasi akapanda kukaa ukingoni mwa kitanda na kuweka mguu wake kwenye beseni lililopakatwa na wenzake wawili ili mkono wa bibi ulifikie. Alitumia mkono mmoja tu, wa kulia. Ilimchukua muda mrefu, na hakuna aliyemharakisha.