Sababu ya mgonjwa kupimwa damu kabla ya picha ya figo

MGONJWA anayetumwa kupigwa picha ya figo kwa mashine ya CT mara nyingi hushangaa anapoagizwa kupimwa damu kwanza. Baadhi hudhani ni mbinu ya kuwaongezea gharama. Hata hivyo, agizo hilo lina msingi, kwa kuwa figo zinazochunguzwa ndizo zitakazobeba mzigo wa kuondoa mwilini dawa inayong'arisha picha.

Miale ya eksirei huzuiwa na mifupa, lakini hupenya figo na kibofu cha mkojo karibu sawa na inavyopenya nyama zinazovizunguka. Kwa sababu hiyo, viungo hivyo havionekani vizuri. Dawa yenye madini ya aidini, ambayo huzuia miale hiyo, hudungwa kwenye mshipa wa mkono. Damu huifikisha kwenye figo, nazo huichuja na kuitoa pamoja na mkojo. Inapopita, njia yote ya mkojo hung'aa, na palipoziba au penye uvimbe hujitokeza.

Njia hii ina historia ndefu. Mnamo 1923, madaktari wa hospitali ya Mayo Clinic, Marekani, walieleza kwamba wagonjwa wa kaswende waliotibiwa kwa dawa ya aidini walikuwa na mkojo unaoonekana kwenye eksirei. Mwaka wa 1929, Moses Swick, daktari Mmarekani aliyekuwa akifanya utafiti mjini Berlin, alipata picha nzuri za figo kwa dawa iliyoitwa Uroselectan.

Kipimo cha damu huchunguza kreatinini, taka ambayo figo zenye afya huiondoa. Ikirundikana, ni dalili kuwa figo zimelegea. Kipimo hiki ni muhimu hasa kwa mtu aliyewahi kuugua figo.

Kwa miaka mingi dawa hiyo ililaumiwa kwa kuharibu figo. Tafiti za karibuni zimebainisha kwamba hatari hiyo ilitiwa chumvi, kwani wengi walioonekana kudhurika walikuwa tayari wagonjwa sana kwa sababu nyingine. Mwongozo uliotolewa Marekani mwaka wa 2020 na wataalamu wa picha pamoja na wa figo unasema tahadhari inahitajika hasa kwa mtu ambaye figo zake huchuja chini ya mililita 30 kwa dakika, au zilizopata madhara ya ghafla. Mgonjwa wa aina hiyo anaweza kuongezewa maji kupitia mshipa. Hata hivyo, picha inayoweza kuokoa maisha haifai kuahirishwa kwa sababu ya hofu tu.

Mgonjwa naye ana wajibu. Anapaswa kueleza iwapo aliwahi kudhurika alipodungwa dawa kama hiyo, iwapo ana mimba, na iwapo anatumia metformini, dawa ya kisukari ambayo huenda akatakiwa kuisitisha kwa muda ikiwa figo zake ni dhaifu. Dhana kwamba asiyepatana na samaki au kamba hawezi kudungwa dawa hii kwa kuwa ina aidini haina msingi.

Joto linaloenea mwilini, ladha ya chuma mdomoni na hisia kama ya kujikojolea ni mambo ya kawaida, nayo hupita upesi. Kuwashwa, kuvimba uso au kushindwa kupumua ni jambo la dharura, na mhudumu anapaswa kuarifiwa papo hapo.

Isitoshe, si kila picha huhitaji dawa hiyo. Mashine ya CT huonyesha mawe mengi ya figo bila sindano yoyote. Kwa mjamzito na mtoto, uchunguzi kwa kawaida huanza kwa ultrasaundi, ambayo haitumii miale wala aidini. Kwa hivyo, ni haki ya mgonjwa kumuuliza daktari iwapo sindano hiyo inahitajika, na ni busara kutokwepa kipimo cha damu anapoambiwa kwamba inahitajika.