Mali bila daftari, na moshi pia

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Majuzi nilipokuwa Kipini, pale mto Tana unapoikabidhi bahari maji yake, niliukumbuka msemo huo. Mzee mmoja mchuuzi wa samaki alinionyesha daftari lake: kilo, bei, madeni ya wavuvi na lita za petroli. Nilipomwambia kwamba daftari hilo laweza pia kutueleza moshi wa biashara yake, aliangua kicheko.

"Mwalimu, moshi nao hupimwa?"

Naam, hupimwa, wala mizani haihitajiki. Lita moja ya petroli ikichomwa hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ya ukaa. Ya dizeli hutoa kilo 2.7 hivi. Mashine ya boti yake hula lita 20 kwa siku, siku 20 kwa mwezi. Tulizidisha pamoja: kilo 920 kwa mwezi, yaani tani 11 kwa mwaka. Huo ndio uitwao unyayo wa kaboni, na bado hatujahesabu barafu wala gari lisafirishalo samaki. Mzee alinyamaza, kisha akakiri kwamba lita hizo ndizo zimlazo faida. Kusugua chini ya boti, kuitunza mashine, kuunganisha safari mbili ziwe moja: hayo hupunguza moshi na gharama kwa pamoja.

Je, hesabu hii yaufaa nini mji mdogo? Kipini ina mikoko, na mikoko huhifadhi kaboni kwa wingi, mitini na topeni. Kule Gazi, Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza mwaka 2013 huuza kaboni ya msitu wa hekta 117, na mapato yake yamesaidia maji na shule. Jambo jema. Hata hivyo, mnunuzi aweza kuwa kampuni ya mbali isiyopunguza moshi wake hata chembe, ikitaka tu kuonekana safi. Kupima na kupunguza kwako kwapaswa kutangulia. Kununua kwa jirani kufuate.

Sheria yetu ya mabadiliko ya tabianchi, iliyorekebishwa mwaka 2023, yataka mradi wa kaboni uwe na mkataba na jamii, na miradi inayotegemea ardhi iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato. Lakini asiyejua kuhesabu tani atajuaje kwamba asilimia 40 aliyopewa ni 40 kweli?

Basi walimu wenzangu, hesabu ya kuzidisha tunayo, na madaftari ya wazazi yamo majumbani. Tuwatume wanafunzi wakayasome. Siku mgeni atakapofika Kipini na karatasi ya kutiwa sahihi, na akute kijana mwenye kalamu mkononi, amwambie: "Karibu, keti. Kwanza tuhesabu."