MAAFA HAYASUBIRI BOSI ARUDI JUMATATU

JAMANI, kuna picha moja tumeizoea mpaka imetuchosha. Mkurugenzi wa kampuni na suti yake, mheshimiwa pembeni, na katikati yao mfano wa hundi mkubwa kama mlango. Wote meno nje. Kesho yake magazetini: kampuni fulani yawakumbuka waathirika.

Sisemi hela hiyo haina kazi. Inanunua mabati, inanunua unga, shukrani zao tunawapa. Ila swali langu la kijiweni ni dogo tu: usiku ule paa linang'oka na watoto wanalia, hundi hiyo ilikuwa wapi?

Nauliza kwa sababu yamenikuta. Ijumaa moja ya msimu wa mvua, upepo ulipita mtaani kwetu Tabora ukaezua nyumba kadhaa. Vijana tukajikusanya. Darasa la kanisa lilikuwa wazi kupokea watu, tulichokosa ni gari la kuhamisha magodoro, wazee na watoto. Nikatumwa kwa mfanyabiashara mmoja ambaye lori lake tulikuwa tunaliona limepaki uani, limetulia kama ng'ombe aliyeshiba. Mlinzi akanisikiliza vizuri tu, halafu akasema: "Mdogo wangu, bosi kasafiri. Njoo Jumatatu."

Jumatatu! Usiku ule tulibeba magodoro kichwani.

MGUNDA MKALI

Ajabu ni kwamba sisi watu wa Tabora ndio tungepaswa kuwafundisha wengine jambo hili. Mji wetu umezaliwa na misafara. Karne ya 19, wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wakipanda na kushuka kati ya Ujiji, Unyanyembe na Bagamoyo, pembe na nguo mabegani, kirangozi mbele na ngoma yake.

Kati ya Ugogo na Tura palikuwa na pori lililoogopwa, likiitwa Mgunda Mkali. Maji ya shida, chakula hakuna. Hakuna tajiri mwenye akili aliyeingiza msafara mle halafu ndipo aanze kuuliza nani ana maji. Posho ilihesabiwa kabla, vibuyu vilijazwa kabla. Aliyezembea aliacha mizigo na watu njiani.

Yaani utayari ulikuwa sehemu ya biashara yenyewe. Siyo sadaka.

MWANZILISHI ALIKUWA MTU WA BIASHARA

Unajua Msalaba Mwekundu ulianzaje? Henry Dunant, raia wa Uswisi, hakuwa padri wala daktari. Alikuwa mtu wa dili zake, anamtafuta mfalme wa Ufaransa, Napoleon wa Tatu, amsaidie mambo ya mradi wake kule Algeria. Juni 1859 akafika karibu na Solferino, Italia, akakuta majeruhi wa vita maelfu kwa maelfu hawana hata wa kuwapa maji. Dili akaliweka pembeni. Akawakusanya akina mama wa kijiji, akatoa hela yake kununua vifaa, kazi ikaanza. Mwaka 1863 chama kikazaliwa Geneva.

Hapa kwetu Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania kilipata sheria yake ya Bunge mwaka 1962. Vijana wake ni wa kujitolea. Wana mioyo, wana mafunzo ya huduma ya kwanza, wanajua mitaa. Ila wengi hawana magari, hawana maghala, mifukoni wamepauka kama wewe na mimi. Mwenye navyo ni mfanyabiashara. Sasa hawa wawili wakikutana siku ya msiba tu, watafanya nini zaidi ya kupeana pole?

KAGUNGA, 2015

Fuata reli mpaka Kigoma, halafu panda na ziwa kuelekea Burundi. Utafika Kagunga, kijiji cha wavuvi. Mbele maji, nyuma mlima umesimama kama ukuta. Mwezi Mei 2015, makumi ya maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko ya Bujumbura walijazana ufukweni pale. Vyoo hakuna, maji ya kunywa ni yale yale ya ziwa. Kipindupindu kikapiga hodi. Kabla mwezi haujaisha, watu wapatao 30 walikuwa wamekufa.

Wahudumu walikuwepo na dawa ziliingia. Lakini tiba kubwa ilikuwa kuwatoa watu pale, na barabara haikuwepo. Kilichowaokoa ni meli kongwe Liemba, ile ya tangu enzi za Mjerumani, iliyozoea kubeba abiria na magunia ya dagaa. Ilikodiwa, ikawa inashusha mamia kwa mamia Kigoma, kisha mabasi yanawapeleka kambi ya Nyarugusu. Haikuwa mara yake ya kwanza. Mwaka 1997 ilirudisha kwao wakimbizi zaidi ya 75,000 waliotoka Zaire.

Msomaji, umeona? Meli ya kibiashara, mabasi ya nauli, madereva wanaoijua njia. Vitu vya kazi ya kila siku, vikiwekwa mikononi mwa wanaojua kuhudumia watu, vinaokoa roho.

Na hatari haiko mbali. Juni 22, 2022, treni ya abiria kutoka Kigoma kwenda Dar es Salaam iliacha reli Malolo, hapa hapa Tabora. Watu wanne walikufa, zaidi ya mia moja wakaumia. Siku kama hiyo kila gari lenye nafasi nyuma ni gari la wagonjwa.

WENZETU WALIVYOFANYA

Kenya, Julai 2011, ukame uliposhika kaskazini, wakfu wa Safaricom, benki ya KCB na wenye vyombo vya habari walishikana na Msalaba Mwekundu wa Kenya. Kampeni ikaitwa "Kenyans for Kenya". Lengo lilikuwa shilingi milioni 500 za kule kwa wiki nne, wakalipita. Mwenye shilingi kumi alituma kumi yake kwa M-Pesa. Lakini M-Pesa ilikuwepo tangu 2007. Njia ilishatengenezwa, njaa ikaikuta tayari.

Hapa kwetu tumeonja pia uchungu wa kukurupuka. Baada ya tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016, makampuni yalichanga kwa moyo, ila zikaibuka tuhuma kwamba imefunguliwa akaunti nyingine yenye jina linalofanana na la mfuko wa maafa. Rais Magufuli akawatengua baadhi ya watendaji. Mchango bila makubaliano mapema ni mlango wazi usiku.

TUANDIKIANE

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati za maafa mpaka ngazi za chini. Mahali pa kukaa pamoja papo. Kilichobaki ni karatasi moja, haihitaji mwanasheria wa Dar.

Iseme nini kitatolewa: lori la tani ngapi, stoo ipi, maturubai mangapi. Iseme nani anaruhusu usiku wa manane, na simu yake isipopokelewa anapigiwa nani. Iseme dizeli na posho ya dereva ni juu ya nani, na gari likigonga nani analipa, maana hapo ndipo urafiki huvunjika. Mwisho, mara moja kwa mwaka watu wafanye mazoezi: king'ora kinapigwa, lori linawashwa, machela zinapakiwa.

Na tajiri asidhani amenunua nembo. Msalaba mwekundu unalindwa na sheria za kimataifa, haubandikwi kwenye mfuko wa saruji. Tena sera ya kimataifa ya chama hicho ya mwaka 2005 haitaki jina lake libebane na watengeneza silaha wala bidhaa zinazojulikana kudhuru afya. Kwenye mkoa wa tumbaku kama wetu, hapo pana mjadala, na heri ufanyike leo kuliko mbele ya majeruhi.

Nimalizie kisa changu. Jumatatu nilirudi kweli. Bosi alikuwepo, tena mzee mpole. Nikamweleza. Akakaa kimya kidogo, halafu akaniuliza: "Sasa mwanangu, mbona hamkunipigia? Lori ningewapa."

Hatukuwa na namba yake. Na yeye hakuwa na yetu.

Siku hiyo tukaandikiana namba nyuma ya risiti. Wewe na wenzako mtaani kwenu, mnayo namba ya nani?